Kuuza Kitu Ambacho Sasa ni cha Bure

Kuna kampuni ya California ambayo mwaka 2000 thamani yake kwenye soko la hisa ilipita dola bilioni 200. Mwaka 2009 ikakubali kununuliwa kwa dola bilioni 7.4. Hapo katikati hakuna bosi aliyeiba pesa akatoroka, wala kiwanda hakikuungua. Bidhaa zake zilikuwa nzuri hadi dakika ya mwisho, na mafundi wengi wa kompyuta hadi leo watakuambia zilikuwa nzuri kuliko zile zilizoiua. Kampuni hiyo ni Sun Microsystems, na kwa sehemu kubwa ilimalizwa na kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukipata bila kulipa hata senti.

Nimefuatilia habari za Sun kwa miaka sasa, jinsi mtu anavyouliza habari za mjomba aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Nataka kujua alikuwa akiumwa nini, maana nashuku ugonjwa uko kwenye damu ya familia.

Mimi naishi kwa kuandika. Si vitabu, ni makala za tovuti za watu, maelezo ya bidhaa, miongozo ya jinsi ya kufanya hiki na kile. Nilianza nikiwa chuoni nikisomea kompyuta, na karo iliponishinda mwaka wa tatu nikaacha chuo, kuandika kukawa ndio kazi yenyewe. Wateja wangu wengi walikuwa kampuni za nje zinazokodisha seva. Walitaka mtu anayeielewa Linux kiasi na anayeweza kuandika Kiingereza kisichokwaza, na mimi nilikuwa na vyote viwili. Nililipwa kwa neno. Halafu, kuanzia mwaka 2023, maneno yakawa ya bure. Mashine ikawa inatoa makala ya maneno elfu moja kabla chai yangu haijachemka. Mteja mmoja akanikata bei nusu. Mwingine akaacha kujibu barua pepe. Wa tatu akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama ningependa kuwa nasahihisha kazi ya mashine kwa robo ya bei ya zamani.

Kwa hivyo swali langu kwa Sun si la historia tu. Unafanyaje wakati kitu unachouza kimekuwa cha bure? Sun walikuwa na pesa, walikuwa na akili, na walikuwa na karibu miaka kumi ya kulijibu swali hilo. Hawakuliweza. Lakini wapo majirani zao walioliweza, na ndio wanaonipa hamu ya kulirudia.

Kampuni yenyewe ilianzishwa Februari 1982 na vijana waliopitia Chuo Kikuu cha Stanford: Vinod Khosla, Scott McNealy, na Andy Bechtolsheim, Mjerumani aliyekuwa akijiundia kompyuta yake palepale chuoni. Jina halikutoka kwa jua. Ni herufi za mwanzo za Stanford University Network, mtandao wa chuo. Bechtolsheim aliacha masomo ya udaktari ili akajenge kampuni. Mimi nilipoacha chuo niliitishiwa kikao cha familia, lakini tuendelee. Muda si mrefu akaongezeka Bill Joy kutoka Berkeley, mmoja wa watu waliokuwa wameiandika Unix ya chuo hicho.

Unix ni mfumo endeshi, ile programu mama inayokaa kati ya mashine na programu nyingine zote. Ndiyo hugawa kumbukumbu, hufungua mafaili, na huamua nani atumie prosesa sasa na nani angoje. Ilizaliwa mwaka 1969 kwenye maabara za Bell huko Marekani. Kufikia miaka ya tisini kila muuzaji mkubwa wa seva alikuwa na Unix yake: IBM na AIX, HP na HP-UX, SGI na IRIX, Sun na Solaris. Na kila mmoja alikuwa na prosesa yake. Ya Sun iliitwa SPARC.

Hapo ndipo pesa ilipokaa, kwa hivyo usipapite haraka. Sun haikuwa ikiuza programu peke yake. Iliuza kila kitu pamoja: prosesa yao, ndani ya sanduku lao, ikiendesha mfumo wao, na juu yake mkataba wa matengenezo unaolipwa kila mwaka. Ni kama hoteli ambayo huwezi kuagiza chapati peke yake, ni lazima uchukue na pilau, na soda, na kiti. Kulikuwa na toleo la Solaris la kompyuta za kawaida za Intel, lakini Sun wenyewe walililea kama mtoto wa kambo.

Na mradi hakukuwa na hoteli nyingine ya maana, watu walilipa. Mwaka 1997 walitoa mashine iitwayo E10000, kubwa kama kabati la nguo, yenye nafasi ya prosesa 64. Iliyojazwa kabisa iligharimu zaidi ya dola milioni moja. eBay iliendeshea minada yake juu ya mashine hizo. Mtandao ulipopamba moto, kila kampuni changa iliyopata mtaji ilikimbilia kununua seva za Sun. Katika mwaka wa fedha ulioisha 2001 waliuza bidhaa na huduma za dola bilioni 18.25.

Nimewahi kuiona mashine ya Sun mara moja tu kwa macho yangu. Ilikuwa kwenye stoo ya idara yetu chuoni, rangi ya zambarau iliyofifia, juu yake zimepangwa katoni za karatasi za mtihani. Nilikuwa nimetumwa kuchukua kiti.

"Mzee, hii bado inafanya kazi?" nikamuuliza fundi wa maabara.

"Ukiipatia waya wake itawaka," akasema. "Hizo hazifi, kijana. Zinaachwa tu."

Akanieleza kwamba zamani ilikuwa na chumba chake chenye kiyoyozi, na ufunguo ulikuwa kwa watu wawili. Kifaa kimoja kikiharibika, unaomba bei kwa wakala, bei inakuja kwa dola, unangoja kikao cha manunuzi, muhula unaisha. Likizo moja akachukua kompyuta mbili za kawaida zilizokuwa zimekaa bure, akaziwekea Linux kutoka kwenye sidii, akahamishia kazi zote huko. Wanafunzi waliporudi hawakugundua chochote. Hakukuwa na mkutano wala barua ya kuwaaga Sun. Mwaka uliofuata mkataba wa matengenezo haukulipwa, basi.

Nadhani fundi yule, bila kujua, alinieleza jambo zima. Ukizidisha mara laki kadhaa hiyo likizo yake, duniani kote, unapata kifo cha kampuni.

Linux yenyewe ilianzia mbali na California. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliwatangazia watu mtandaoni kwamba anaandika mfumo endeshi, akawahakikishia kuwa ni wa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Shida aliyokuwa nayo mwanafunzi yeyote wa Kenya anaielewa. Mashine ya Unix ya chuo chake ilihudumia watu 16 kwa wakati mmoja, wa kumi na saba alingoja. Unix ya kujinunulia ilikuwa ghali mno kwa mwanafunzi. Alichokuwa nacho ni kompyuta ya nyumbani yenye prosesa ya Intel 386. Akaanza kuandika yake.

Hakuanza na mikono mitupu. Tangu 1983 Mmarekani Richard Stallman alikuwa na mradi wa kuandika upya zana zote za Unix ziwe huru, na alikuwa ametunga leseni yenye masharti ya ajabu: tumia programu hii, ibadilishe, hata iuze, lakini ukimpa mtu mwingine, mpe pia msimbo wake na haki zile zile ulizopewa wewe. Mwaka 1992 Torvalds akaiweka Linux chini ya leseni hiyo. Kuanzia hapo hakuna mtu ambaye angeweza kuichukua, akaifungia, akaiita yake.

Wengi husimulia habari hii kama vita kati ya Linux na Microsoft. Lakini walioumia kwanza walikuwa wauzaji wa Unix, na sababu yake ni rahisi. Linux iliiga Unix. Amri zilikuwa zile zile, mafaili yalipangwa vile vile, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya Solaris mara nyingi ilihitaji marekebisho madogo tu. Fundi wa Sun akihamia Windows angeanza maisha upya. Akihamia Linux ilikuwa kama Mmombasa kuhamia Nairobi: watakucheka siku mbili tatu kwa vile unavyoongea, lakini mtaelewana. Kumbe ule ukaribu wa Unix mbalimbali, ambao Sun waliutumia miaka ya themanini kunyakua wateja wa wengine, ndio huohuo uliowaachia wateja wao mlango wazi nyuma ya nyumba.

Upande wa mashine nako bei ilikuwa ikishuka. Kompyuta za Intel zilitengenezwa kwa mamilioni. Zilikuwa rahisi lakini hazikuwa na mfumo endeshi wa kuaminika wa kazi za seva, na Linux ikajaza pengo hilo. Haikuwa bora kuliko Solaris, na kwa miaka mingi wala haikuikaribia. Ilikuwa inatosha. Mwaka 2003 AMD walitoa Opteron, prosesa ya biti 64 inayoendesha programu za kawaida za Intel, na moja ya sababu za mwisho za kulipia SPARC ikaondoka.

Google ndio walioonyesha mambo yanavyoweza kwenda. Badala ya kununua mashine moja ya dola milioni isiyoharibika, walinunua kompyuta nyingi za bei rahisi, wakaziwekea Linux, wakakubali kwamba kila mara kutakuwa na iliyozimika, kisha wakaandika programu isiyojali. Na unajua hundi ya kwanza ya Google, dola 100,000, iliandikwa na nani mnamo Agosti 1998? Andy Bechtolsheim. Mwanzilishi wa Sun aliwapa mtaji vijana ambao wangeifundisha dunia kufanya kazi kubwa bila Sun.

Sasa, ukiwa Sun, unafanya nini?

Mwaka 2000 walinunua kampuni iitwayo Cobalt Networks, iliyotengeneza seva ndogo za Linux, kwa hisa za takriban dola bilioni 2. Miaka michache baadaye bidhaa hizo walikuwa wamezizika. Januari 2002 wakatangaza kwamba toleo jipya la Solaris kwa kompyuta za Intel litawekwa kando. Wateja wakapiga kelele, wakabadilisha msimamo. Mwaka huo wa fedha mauzo yakashuka hadi dola bilioni 12.5. Tuwe wa haki: Linux haikuwa peke yake. Kampuni nyingi za mtandao zilikuwa zimefilisika, na seva zao za Sun, karibu mpya, zikawa zinauzwa kwa bei ya kutupa, hivyo Sun ikajikuta inashindana na mitumba yake yenyewe. Lakini mdororo ulipopita na watu wakarudi dukani, wengi walinunua kitu kingine.

Mwaka 2005 wakafungua Solaris. Msimbo, kila mtu achukue. Ndani yake kulikuwa na mambo ambayo Linux haikuwa nayo: ZFS, ya kuhifadhi data bila kuiacha ioze kimyakimya, na DTrace, iliyomwezesha fundi kuchungulia ndani ya mashine inayofanya kazi bila kuisimamisha. Vitu vizuri sana. Lakini leseni waliyochagua haikuweza kuchanganywa na ile ya Linux, na watu waliokuwa na muda wa kujitolea walikuwa wameshajitolea kwingine. Januari 2010 Oracle ikamaliza kuinunua kampuni, na mwaka huohuo mradi wa Solaris huria ukafungwa. Facebook walipohamia kwenye majengo ya zamani ya Sun huko Menlo Park mwaka 2011, waligeuza tu bango la getini na kuchora alama yao upande wa pili. Nyuma yake jina la Sun lilibaki, na inasemekana liliachwa makusudi, liwe onyo kwa wafanyakazi.

Watu wengi husema Sun walichelewa. Kwangu hilo ni nusu tu ya jibu. Nikiwaza upande wao, kila uamuzi ulikuwa na hesabu yake. Faida nono ilitoka kwenye mashine kubwa za SPARC. Kila mteja aliyehamia kwenye kompyuta rahisi, hata kama alinunua hiyo rahisi kutoka kwao wenyewe, aliwapunguzia mapato. Meneja yeyote mwenye akili timamu, akiangalia takwimu za robo mwaka, angesukuma SPARC. Na robo iliyofuata pia. Hesabu ilikuwa sahihi kila mara ilipopigwa, na jumla yake ikawa jeneza.

Majirani walifanyaje? DEC ilishanunuliwa na Compaq mwaka 1998. SGI, waliokuwa wakisifika kwa kompyuta za michoro za sinema, waliomba kinga ya kufilisika 2006 na tena 2009. HP walinusurika, wakiuza masanduku ya Intel yenye Linux ndani. Anayenivutia zaidi ni IBM. Nao walikuwa na Unix yao, prosesa yao na mashine zao kubwa za mabenki, yaani sababu zote za kuichukia Linux. Lakini kwa mwaka 2001 walitenga dola bilioni moja kwa ajili yake. IBM walikuwa wameona kwamba benki hailipii programu hasa, inalipia kutolala macho. Mfumo ukiwa wa bure, bado kuna anayetakiwa kuuweka, kuuunganisha na wa zamani, na kupokea simu saa tisa usiku. Pesa ya IBM ilikuwa inatoka huko kwenye huduma kwa kiasi kikubwa, kwa hivyo ubure wa Linux haukuwakata wao sana. Uliwakata washindani wao.

Halafu kuna Red Hat, ambao biashara yao ukimweleza nyanya yako ataomba uirudie. Wanauza kitu ambacho ni cha bure. Msimbo ni ule ule wa kila mtu. Unalipia usajili, na unachopata ni ahadi: kwamba toleo hili limejaribiwa, kwamba programu za wauzaji wakubwa zimethibitishwa kufanya kazi juu yake, kwamba likipatikana tundu la usalama litazibwa kwa miaka kumi bila kukuvurugia kazi. Mwaka 2019 IBM waliinunua Red Hat kwa dola bilioni 34, zaidi ya mara nne ya bei ya Sun nzima, pamoja na viwanda vya mawazo, prosesa, Java na majengo.

Kwa hivyo pesa haikupotea Linux ilipokuja. Ilihama. Na haikuacha kuhama. Mwaka 2006 Amazon walianza kukodisha seva kwa senti 10 za dola kwa saa, zikiendesha Linux. Mteja aliyemkimbia Sun kwa sababu ya kufungiwa ndani ya sanduku moja, leo data yake yote iko kwa mwenye wingu, na siku akitaka kuhama ataona si kazi ndogo. Hata wanaoiandika Linux siku hizi wengi si wanafunzi wa kujitolea, wameajiriwa na Intel, Google, Red Hat na wengine wa kiasi hicho. Red Hat nao, Desemba 2020, walitangaza kwamba CentOS, toleo la bure lililofuata lao hatua kwa hatua na ambalo watu wengi walilitegemea, halitaendelea kama zamani. Nililipwa kuandika makala sita kuhusu wapi pa kuhamia. Ilikuwa miezi mizuri.

Sasa nirudi kwangu, na nitajaribu kuwa mkweli, kwa sababu ni rahisi hapa kujifanya mhanga.

Mimi nimelelewa na ubure huo. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa mtumba wa gigabaiti mbili za kumbukumbu, na Windows ilikuwa inaikalia kifuani. Nikaiwekea Ubuntu, mfumo unaotokana na Linux ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa ambalo Mswahili halihitaji kamusi, maana sisi tunasema utu. Mfumo uleule wa msingi uliokuwa kwenye mtumba wangu ndio ulioendesha kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani kufikia mwaka 2017. Si mfano wake, si toleo la maskini. Chuoni nilifundishwa Linux kwa mihula miwili. Kabla na baada ya hapo nilijifunza mwenyewe, usiku, kwa bando za bei ya usiku. Karo iliponitoa, hakuna aliyekuja kunifutia nilichojua. Kama dunia ingebaki ya Sun, mtoto wa mama mboga hangeigusa mashine ile. Angetumwa kiti stooni.

Kwa hivyo siwezi kula ubure ukinifaa, halafu niulilie ukinigeukia.

Ingawa nina neno moja la kuteta. Torvalds aligawa kazi yake mwenyewe, kwa leseni aliyoichagua mwenyewe, na leseni hiyo inamdai kila anayeigawa na mwingine arudishe. Mashine inayoandika sasa ilijifunza kwa maandishi ya watu wengi ambao hawakuulizwa, na hakuna sharti la kurudisha. Huenda ndani yake yamo na makala yangu ya kuhama CentOS. Neno "bure" ni moja, lakini hayo ni mambo mawili.

Chuo nacho kina hadithi ya Sun ndani yake. Kinauza kila kitu pamoja: maarifa, mtihani, cheti, marafiki, kitanda hosteli. Maarifa yamekuwa ya bure siku nyingi. Kilichobaki kimefungwa ni cheti, na wanalijua hilo. Kila tangazo la kazi ninalofungua linaanza na "awe na shahada". Fundi wa maabara alinambia niende nikatafute pesa, nirudi nimalize, na huenda nikarudi. Lakini nikirudi nitajua nanunua nini.

Kuhusu kuandika, nimejipigia hesabu ya Sun. Nilidhani nauza maneno, kwa sababu yalihesabiwa, elfu moja, elfu mbili, na bei ikafuata. Siku nilipoulizwa nisahihishe ya mashine kwa robo ya bei, hesabu ya mwezi huo ilisema kubali, kodi ya nyumba iko karibu. Nikakubali. Mwezi uliofuata ikasema kubali tena. Hapo ndipo nilipowakumbuka wale mameneja wa SPARC, kila robo mwaka wako sawa.

Basi nikakaa chini nikaandika kwenye karatasi ni nini wateja walikuwa wakinipigia simu kuhusu, mbali na maneno. Orodha haikuwa ndefu. Kulikuwa na jamaa wa duka la vipuri vya magari, hapahapa Nairobi, ambaye tovuti yake nilimwandikia maelezo, na ambaye kila baada ya wiki mbili alinipigia kuuliza kwa nini imezimika. Kulikuwa na mama mwenye kliniki ndogo aliyetaka ujumbe kwa wagonjwa uandikwe kwa Kiswahili ambacho watu wa mtaa wake wanakisema, si cha redioni, na asomewe kwanza kwa simu kabla haujatumwa. Wote wawili walikuwa wakinilipa maneno na kunitumia kwa mengine bure.

Nikawaambia wote wawili: maneno nitawapa bila malipo, ila mtanilipa kwa mwezi. Seva zao ni za Linux, za kukodi, kama dola 5 hivi kwa mwezi kila moja, yaani bob mia sita na kitu. Mimi naziangalia, nafanya nakala za data kila usiku, naandika kinachohitaji kuandikwa, na wakipiga simu nashika. Jamaa wa vipuri alicheka. Akasema, "Kwani si ndicho unachofanya sasa hivi?" Nikamwambia ndicho, tofauti ni kwamba sasa kina bei.

Mama wa kliniki alikubali siku hiyohiyo. Yeye alikuwa ameshajaribu mashine. Iliandika Kiswahili safi kabisa, akasema, lakini mgonjwa mmoja alipousoma ujumbe alidhani ni matapeli.

Sijafika nilipokuwa 2022, na kwa wateja wawili sitafika. Natafuta wa tatu na wa nne. Na huenda baada ya miaka mitano kushika simu usiku nako kutakuwa kwa bure, nikae tena chini na karatasi. Jamaa wa vipuri bado hulipa akiwa amechelewa siku nne, na wikendi iliyopita alinipigia saa saba usiku kwa sababu diski ilikuwa imejaa picha za bampa. Nilifuta za zamani, nikawasha tena, nikamtumia ujumbe kwamba iko sawa. Akajibu "Asante boss," na Jumatatu akalipa.